Jibu: Viputo vya haidrojeni vinapungua baada ya saa chache

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: unapitisha umeme kwenye maji taka yaliyochujwa ili upate haidrojeni, elektrodi (vipande vya chuma vinavyoingiza umeme majini) ni za nikeli, viputo vinaanza vizuri, halafu mkondo unashuka ilhali volti hujaigusa.

Usikimbilie kubadili kichocheo, yaani hiyo nikeli inayoharakisha kazi. Toa kathodi (elektrodi ya upande hasi, inakotoka haidrojeni) kwanza uiangalie. Ikiwa na utando mweupe, mchawi ni kalisi na magnesi. Haidrojeni inapotoka, maji yanayogusa kathodi huwa na alkali kali hata kama pH (kipimo cha asidi na alkali) ya chombo ni 7, yaani katikati, na madini hayo huganda palepale. Mimi huyatoa mapema: napandisha pH hadi 11 hivi kwa kostiki soda (hidroksidi ya sodiamu, alkali kali), naacha mashapo yatulie, nachuja, ndipo nawasha. Utando ulioshika tayari utoe kwa siki, dakika chache tu, maana asidi hula nikeli. Ukikuta utelezi wa kahawia, basi uchujaji wako hautoshi.

Ile harufu kama ya bwawa la kuogelea ni klorini kutoka anodi, elektrodi ya upande chanya. Zima, fungua madirisha, na acha kabisa kuongeza chumvi ya mezani ili umeme upite. Kostiki soda inaifanya kazi hiyo.

Tena alkali ina faida nyingine: kama maji yana mkojo, nikeli huvunja urea iliyomo kwenye mkojo, na kinadharia unahitaji volti 0.37 badala ya 1.23 za kuvunja maji yenyewe (kwa vitendo ni zaidi). Ila hujasema maji yametoka wapi, kwa hiyo hapo sikuahidi kitu. Tupia hapa pH na kipimo cha kloridi (sehemu ya chumvi inayotoa klorini).