Tangi la maji ya chumvi Dodoma: pima kwanza, samaki baadaye

Juzi msomaji mmoja wa Kisasa ameniandikia: "Kaka, nimejaza tangi, nimetia chumvi, maji yamekaa wiki nzima na yanang'aa kama kioo. Ijumaa nashuka Dar kwa SGR. Nirudi na samaki wangapi?" Nikamjibu: usirudi na hata mmoja. Naona kanuna. Basi nimjibu kwa kirefu hapa, maana najua wengi wenu mna mpango huohuo, na wengine mmeshaanza kuota matumbawe.

Mimi swali hilo nilimuuliza aliyeniuzia vifaa. Huku anahesabu hela yangu akaniambia maji yakishakuwa maangavu yako tayari, habari za vipimo ni mbwembwe tu. Nilipong'ang'ania vipimo vya matone (vile unavyodondosha dawa kwenye mrija wa maji na kusoma rangi), akaanza kuniita "daktari wa maji" mbele ya wateja wake, na wao wakacheka. Sijasahau. Leo wanaonijua wanakuja sebuleni kwangu kupiga picha samaki wa bahari wakiogelea Dodoma, na swali lao la kwanza ni "umewezaje?" Nimeweza kwa kupima, basi.

Amonia, sumu inayojikusanya kwenye maji ya tangi, haina rangi. Maji yanaweza kung'aa na yakaua samaki usiku huohuo. Inatoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, kisha bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali hayo. Kwenye tangi jipya bakteria hao bado hawajajijenga. Mara nyingi wanahitaji wiki nne hadi sita. Na sisi wa maji ya chumvi tuna mtihani wa ziada: pH yetu (kipimo cha uasidi wa maji; 7 ni katikati, juu yake asidi inapungua) inatakiwa iwe 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Anayefuga samaki wa maji baridi kwenye pH ya 7 anaweza kusamehewa, wewe hapana.

Mimi nililisha tangi lisilo na samaki kwa kipande cha kamba mbichi, yule wa baharini, nikakiacha kioze ili bakteria wapate amonia. (Ile harufu shemeji yenu bado ananisimanga nayo.) Kipimo cha amonia kikatoka njano kikawa kijani, kikazidi kukolea, halafu kikaanza kurudi. Nitriti nayo ikaingia: mrija uliokuwa na rangi ya samawati ukageuka zambarau, na ukakaa hivyo mpaka nikakata tamaa. Siku za katikati hazina la kusimulia. Unapima, unaandika kwenye daftari, unalala. Rangi ziangalie mchana, mrija ukiwa mbele ya karatasi nyeupe, kwa sababu chini ya taa ya sebuleni njano na kijani hafifu vinafanana. Na chupa ya pili ya kipimo cha nitrati itikise kwa nguvu kama maelekezo yake yanavyosema. Unga ukituama chini, kipimo kitakudanganya kwamba maji ni safi.

Sasa maji yenyewe. Hapa mjini tunakunywa maji ya visima, mengi yakitoka Makutupora, na kila mwenye birika anajua magamba meupe yanayobaki ndani. Pima maji ya bomba kabla hujatia chumvi. Yangu yalionyesha nitrati wakati hakuna hata samaki aliyekwishaingia nyumbani! Tangu hapo natumia maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia karibu kila kilichoyeyuka ndani yake. Chumvi yenyewe iwe ya akwariamu, ile ya jikoni iache jikoni. Mimi huletewa kwa basi, naipokea stendi ya Nanenane, naikoroga kwa pampu hadi kesho yake ndipo napima kwa refraktomita, kifaa cha kupima chumvi kwenye maji: uzito wa 1.025 ukilinganisha na maji matupu, yaani gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji.

Upepo wa kiangazi chetu unakausha tangi kweli kweli. Yanayopotea ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo kipimo kinapanda. Ongeza maji ya RO matupu. Ukiongeza ya chumvi unazidisha tatizo.

Vijana wenzangu, tuna haraka mno. Tunataka picha ya kuposti kabla ya maji kuwa tayari, halafu samaki akifa tunasema Dodoma haifai. Dodoma inafaa! Subiri amonia isome sifuri na nitriti isome sifuri, kisha tia tena chanzo cha amonia uone kama kesho yake vyote viwili vimerudi sifuri. Havijarudi? Endelea kusubiri. Vikirudi, badilisha sehemu kubwa ya maji kupunguza nitrati, ingiza samaki mmoja au wawili wadogo, na wiki ya kwanza pima amonia kila siku.

Na nyie wa matumbawe, vipimo vya kalsiamu na magnesiamu msivinunue sasa. Vina tarehe ya mwisho wa matumizi, na vinaweza kuisha muda kabla tumbawe la kwanza halijaingia.