Kilwa na mama mwenye magoti mabovu

Dada, nimekuelewa: siku mbili za Kilwa, mama wa miaka 68 anayeumwa magoti, watoto wawili, na hofu ya kumchosha. Nendeni tu, ila mpangilio uanze na maji.

Laleni Kilwa Masoko. Hapo ndipo mnapochukua kibali na mwongozaji kabla ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Muulize nahodha saa ya maji kujaa, mpange safari kwa saa hiyo. Sisi tulifika maji yamekupwa, mama yangu akakunja kanga hadi magotini na kutembea kwenye matope, ameshika bega langu. Sikupenda kabisa. Jaketi okozi kwa kila mtu, hata kama kivuko ni kifupi. Kama hakuna, tafuteni chombo kingine.

Mama atoshelezwe na Gereza, yaani ngome ya zamani, na Msikiti Mkuu. Akae chini ya yale makuba ya msikiti ya mawe ya matumbawe, kuna ubaridi mzuri. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika mji huu mwaka 1331. Husuni Kubwa, gofu la kasri la sultani lenye bwawa la pembe nane, liko mbali kwa miguu, kwa hiyo waende watoto na wewe. Kuta zisipandwe, mawe hulegea.

Siku ya pili ni ya ufukweni, bila haraka.

Epukeni masika, Mei 2024 barabara ya Lindi ilikatika kwa mafuriko. Na magoti yakiwa yamevimba sasa hivi, aonwe na daktari kwanza, maana basi kutoka Dar ni kilomita 300 hivi za kukaa.