Hitilafu ya Jengo Moja Isizime Chuo Kizima

Ukiitwa kusanifu mtandao wa chuo hapa Nairobi, mhasibu atataka kwanza kujua bei ya swichi (visanduku vinavyounganisha tarakilishi kwa kebo), na mkuu wa idara atataka kujua ni za kampuni gani. Yote mawili yana wakati wake. Mimi huanza na swali jingine: kitu kikiharibika hapa, madhara yake yatafika wapi? Hakuna mtandao usioharibika. Ule uliosanifiwa vizuri, hitilafu ya bweni hubaki bwenini, na walio kwenye ofisi ya fedha hawajui hata kama kuna jambo lililotokea.

Zamani lawama zote zilikuwa za laini ya nje. Lakini tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zianze kutumika Mombasa mwaka 2009, na vyuo vingi kuunganishwa na KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya, kikwazo mara nyingi kiko ndani ya ua wa chuo chenyewe. Nimeona chuo kikiongeza malipo ya intaneti ilhali laini yake haijatumika hata nusu, kwa kuwa majengo kadhaa yalikuwa yakipitia kebo moja ya megabiti 100.

Kwa hiyo anza kwa miguu. Zunguka chuo na mtu wa matengenezo, si na ramani ya mchoraji. Kebo ya shaba ya Etheneti ina kikomo cha mita 100, ukihesabu na vipande vya kuunganishia kwenye kabati na mezani. Pima njia ambayo kebo itapita kweli: kupanda ukuta, kuzunguka ngazi, kushuka tena. Ofisi iliyo mita 60 kwa macho huweza kuwa mita 110 kwa kebo. Kati ya jengo na jengo, weka faiba, kebo ya nyuzi za kioo inayobeba mwanga, hata kama umbali ni mfupi. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga upande mmoja msimu wa mvua, haisafiri kwenye kebo hadi kuchoma swichi za upande wa pili. Chukua faiba ya aina ya single mode, maana itakufaa kwa miaka mingi kasi zikipanda. Ile ya aina nyingine, multimode ya OM3, huishia mita 300 kwa kasi ya gigabiti 10.

Angalia pia udongo. Upande wa Embakasi na kwingineko penye udongo mweusi wa pamba, ardhi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na bomba lililozikwa juu juu huvunjika bila mtu kuligusa. Chimba kwa kina, weka mashimo ya ukaguzi, acha faiba ya ziada imekunjwa ndani yake. Kama fedha zinaruhusu njia mbili za faiba kwa jengo muhimu, zipitishe mitaro miwili tofauti. Faiba mbili ndani ya mtaro mmoja hukatwa kwa pigo moja la tinga.

Umbo la mtandao lenyewe halihitaji maneno mengi. Kila jengo liwe na faiba yake hadi kituo kikuu. Chuo cha majengo machache kinatoshwa na ngazi mbili, yaani swichi za ghorofani na swichi kuu mbili za kusaidiana. Kikubwa zaidi kinahitaji ngazi ya tatu katikati, ya kukusanya majengo ya upande mmoja. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni mnyororo: jengo la utawala linalisha maktaba, maktaba inalisha maabara, maabara inalisha bweni. Najua unavyoanza, kwa sababu majengo huongezwa moja moja na kila fundi huunganisha lile jipya na lililo karibu. Lakini siku stima inapotea maktaba, maabara na bweni nazo zimekatika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limezima vyuo vingi kuliko jingine lolote nililokutana nalo: lupu, yaani njia ya data inayojirudia yenyewe kama duara.

Ilikuwa chuo kimoja kando ya Thika Road, wiki ya usajili. Foleni ya wanafunzi imefika langoni, mfumo wa karo haufunguki, simu za mezani kimya, picha za kamera zimeganda. Kwenye chumba cha mitambo, taa za swichi zote zinapepesa pamoja, mbio mbio, bila kupumzika. Hiyo ndiyo dalili. Siku ya kawaida kila poti, yaani tundu la kebo, ina mdundo wake; zikianza kwenda pamoja, shuku lupu kabla ya kushuku kingine. Kumbukumbu za swichi kuu zilijaa malalamiko ya aina moja: anwani ileile ya MAC, namba ya kutambulisha kifaa, imeonekana poti ya 3, sasa poti ya 7, sasa tena ya 3. Tukachomoa poti ya 7, chuo kikapumua. Tukaifuata hadi jengo lake, ghorofa ya pili, chini ya meza ya masjala. Kulikuwa na swichi ndogo ya poti tano, na kebo moja fupi ambayo ncha zake zote mbili zilikuwa zimechomekwa humo humo.

Mama anayesafisha ofisi hiyo alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi, hiyo waya niliikuta imening'inia nikifagia. Nikaona niirudishe mahali pake."

"Hujakosea, mama," nilimwambia, na nilimaanisha. Mtu anayeweka ofisi safi hawezi kubebeshwa lawama ya chuo kizima kuzima. Swichi iliyo ukutani ndiyo iliyopaswa kuifunga poti ile kabla hajafika kwenye meza inayofuata.

Kwa nini kebo moja fupi ina nguvu hivyo? Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data, hubeba hesabu inayopungua kila inapopita ruta (kifaa kinachounganisha mitandao), na ikifika sifuri hutupwa. Fremu ya Etheneti, bahasha inayobeba pakiti hiyo kwenye kebo, haina hesabu hiyo. Tangazo moja, yaani fremu inayotumwa kwa vifaa vyote, likiingia kwenye lupu litazunguka bila kikomo, na kila mzunguko swichi hulinakili kwenye poti zote. Dawa yake ya msingi ni itifaki ya STP, kanuni za swichi kuelewana kuhusu njia, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 akiwa Digital Equipment Corporation. Swichi huchagua mmoja wao kuwa mzizi, kisha huziba njia za ziada hadi zitakapohitajika. Tumia toleo lake la haraka, RSTP, lililotoka mwaka 2001. Lile la kwanza huweza kuchukua hadi sekunde 50 kupata njia mpya.

Hapa pana mtego. Swichi zote hutoka kiwandani na kipaumbele cha 32768. Mwenye namba ndogo ndiye mzizi, na zikilingana, hushinda mwenye anwani ndogo ya MAC. Mara nyingi huyo ni swichi kuukuu kuliko zote, ile iliyosahaulika kwenye stoo ya maabara, na data ya chuo chote inazungukia huko. Usiache uchaguzi huu ujiendeshe. Kwenye swichi kuu ya Cisco andika `spanning-tree vlan 1-4094 priority 4096`, na ile ya akiba ipe 8192. Kwenye kila poti ya mtumiaji weka `spanning-tree portfast` na `spanning-tree bpduguard enable`. Amri ya kwanza huondoa kusubiri kwa sekunde 30, ambako hufanya tarakilishi iwake bila kupata anwani. Ya pili huifunga poti mara tu ujumbe wa STP unaporudi kupitia kwayo. Ongeza kikomo cha matangazo kwa kila poti, kwa sababu baadhi ya swichi za bei rahisi humeza ujumbe huo na lupu haionekani. Amri hizi zingeokoa siku ile ya usajili, na hazihitaji shilingi hata moja.

Kuhusu VLAN, yaani mtandao mdogo unaotengwa ndani ya swichi zilezile, ushauri wangu ni mmoja na sijaona sababu ya kuubadilisha: VLAN isitoke nje ya jengo lake. Wengi hutandaza VLAN moja ya wafanyakazi chuo kizima kwa kuwa ni rahisi kuisanidi, na hapo tangazo la ofisi moja husikika kwenye kila ofisi. Weka swichi yenye uwezo wa ruta kwenye lango la kila jengo, unganisha majengo kwa OSPF, itifaki ya ruta kuelezana njia, na dhoruba ya bweni itaishia mlangoni mwa bweni. Mpango wa anwani nao uwe wa kusomeka. Mimi huipa namba ya pili ya anwani kazi ya jengo na ya tatu kazi ya huduma: 10.12.20.0/24 ni jengo la 12, wafanyakazi, 10.12.40.0/24 ni kamera za jengo hilo hilo. Hiyo /24 ina anwani 254, zinazotosha ofisi za ghorofa kadhaa. Waifai ya wanafunzi ipe /22, yenye anwani 1022, maana kila mwanafunzi huja na simu na laptopu. Fedha na rekodi za wanafunzi zitenganishwe na kila kitu kingine kwa sheria za ruta. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kulinda taarifa za watu ni wajibu wa chuo.

Mabwenini kuna adui mwingine. Mwanafunzi analeta ruta ya nyumbani, anaichomeka ukutani kinyume, nayo inaanza kugawa anwani zake kwa majirani. Wenzake wanaona waifai imejaa lakini hakuna kinachofunguka. Washa ulinzi wa DHCP, mfumo wa kugawa anwani, kwenye swichi na uamini poti ya juu tu, ile inayoelekea kwenye seva. Usimnyang'anye ruta yake. Mpe waifai inayofika kitandani kwake, na hataihitaji.

Stima. Kila kabati liwe na UPS (betri ya akiba) na waya wa ardhini uliopimwa, si uliochorwa tu. Na upigie hesabu umeme ambao swichi hupeleka kwa vifaa kupitia kebo ya data: swichi ya poti 24 yenye wati 370 inatosha wati 15.4 kwa kila poti, yaani kiwango cha zamani cha mwaka 2003. Vituo vingi vya waifai vya sasa vinataka hadi wati 30. Ukivijaza vyote kwenye swichi hiyo, vingine vitakataa kuwaka, nawe utatafuta kosa kwenye usanidi ambako haliko.

Ukinunua kebo Luthuli Avenue, nenda na wembe. Kwangua waya mmoja. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ikitokea nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba, inayokatika ukiikunja na kupata joto ikibeba umeme wa kamera. Bei yake huvutia, na ndiyo maana iandikwe wazi kwenye zabuni kwamba haikubaliki.

Zabuni hiyo hiyo idai pia nywila zote, nakala ya usanidi wa kila swichi, na lebo kwenye ncha zote mbili za kila kebo. Nimekuta chuo ambacho mkandarasi aliondoka na nywila, na njia pekee ikawa kufuta swichi moja moja usiku na kuanza upya. Kisha, kabla ya malipo ya mwisho kutoka, fanyeni jaribio mchana kazi ikiendelea. Chomoa faiba ya swichi kuu moja. Zima kabati la jengo moja. Chukua kebo fupi, ichomeke ncha zote mbili kwenye soketi mbili za ofisi moja, kisha mtu akae ofisi ya fedha na mwingine maktaba, simu mkononi, waseme wanachokiona. Mahali popote patakapozima pasipohusika, mkandarasi arudi hapo hapo akiwa bado anadai.