Bajeti ya matangazo haigawanywi kwa kumi na mbili

Swali: Nina gari moja aina ya Land Cruiser, mahema na mpishi, nami hupeleka wageni kutoka Lubumbashi hadi maporomoko ya Lofoi na ya Kiubo. Kwa mwaka ujao nimetenga dola 2,400 za matangazo. Kijana anayeshughulikia mitandao ananishauri nimpe dola 200 kila mwezi, naye ananiahidi wafuasi 10,000 kabla ya Krismasi. Je, mpango huo unafaa? (Msomaji, komini ya Kampemba)

Jibu: Mama, mpango huo haufai, na kinachonikera ni kwamba huletwa kwangu karibu kila wiki, takwimu zikibadilika kidogo tu. Anayegawa bajeti kwa kumi na mbili hajawahi kujiuliza mgeni anasafiri lini, wala anaamua lini kusafiri, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tuanze na safari yenyewe. Maji ya Lofoi, katika Hifadhi ya Kundelungu, huanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 300, na kila mgeni anataka kuyaona yakiwa mengi. Lakini yanapokuwa mengi, kati ya Novemba na Aprili, barabara ni tope; na barabara ikishakauka kabisa, kufikia Septemba na Oktoba, maji yamepungua mno. Kwa hiyo unachouza hasa ni miezi ya Mei, Juni na Julai, na inafaa umwambie mgeni mapema kwamba usiku wa Juni kule juu ni wa baridi kali. Kiubo iko kwenye mto Lufira, ambao ni mkubwa na haukauki, hivyo inaweza kukubebea Agosti na Septemba. Mwaka wako wa kazi una miezi mitano, na kuulipia matangazo kana kwamba una kumi na miwili ni kuwaalika watu Januari kwenye safari ambayo gari lako haliwezi kuifanya.

Sasa tazama anayeamua. Kampuni za madini na wakandarasi wao, ambao huandalia wafanyakazi matembezi, mara nyingi hupanga matumizi ya mwaka ujao mwaka huu ukielekea ukingoni. Basi profoma yako, yaani ankara ya awali inayoonyesha bei, inapaswa kuwa mezani kwao Oktoba au Novemba, ikiwa na nambari ya RCCM (rejista ya biashara), Id. Nat. (kitambulisho cha taifa cha biashara) na nambari ya kodi, kwa sababu bila hizo karani wa manunuzi hataisoma hata kama video yako imetazamwa na mji mzima. Ndugu zetu walioko Ubelgiji, wanaokuja likizo ya Julai na Agosti, hununua tiketi ya ndege miezi kadhaa kabla, kwa hiyo zungumza nao Februari na Machi, wakati hapa bado mvua inanyesha. Familia za mjini, kinyume chake, huamua wiki mbili au tatu kabla, mshahara ukishaingia. Hao watafute kuanzia katikati ya Aprili, ukiwatajia tarehe kamili za kuondoka, mathalani siku zinazozunguka sikukuu ya tarehe 30 Juni na kufungwa kwa shule.

Kwa msingi huo, ningetenga takriban dola 500 kwa ajili ya kazi ya Oktoba na Novemba, yaani uchapaji, usafiri na kuwatembelea wahusika ana kwa ana. Dola 500 kwa matangazo ya Februari na Machi yanayolengwa nje ya nchi. Dola 1,000 kati ya Aprili na Julai. Na dola 400 za mpiga picha mzuri atakayekwenda nawe Mei, ili uwe na picha za mwaka unaofuata. Miezi iliyobaki haihitaji fedha bali simu yako: waandikie waliokwisha kusafiri nawe, waombe waache maoni yao kwenye ramani ya Google, kisha upeleke gari gereji.

Kila anayepiga simu muulize alikusikia wapi, na uandike jibu daftarini. Ukitumia dola 200, watu 40 wakauliza na watano wakalipa, kila mgeni amekugharimu dola 40 kumpata. Ikiwa faida yako kwa mgeni mmoja ni dola 35, umepata hasara kwa kila aliyepanda gari. Hesabu hiyo ndiyo ambayo wauza wafuasi hawapendi kuiona.

Na hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, la kudhani kwamba wafuasi ni wateja walio njiani. Wafuasi 10,000 wanaoahidiwa kwa tarehe maalumu, kwa kawaida, ni akaunti zilizonunuliwa kwa bei ya jumla, na akaunti haina miguu ya kupanda gari lako. Zaidi ya hayo, zinakudhuru: Facebook haiwaonyeshi wafuasi wote kila unachoandika, na uamuzi wake wa kukisambaza hutegemea kwa sehemu jinsi watu wanavyokiitikia, hivyo ukurasa uliojaa akaunti bubu hufanya hata wateja wako wa kweli wa Likasi na Kolwezi wasikuone. Tena jambo hilo limekatazwa na kanuni za mtandao wenyewe, ambao hufuta akaunti bandia mara kwa mara, na zinapofutwa hakuna anayekurudishia dola zako.

Tabia hiyo haiishii kwenye wafuasi. Watu hao hao huuza maoni ya sifa yaliyoandikwa na wasiowahi kufika, na wengine huweka picha ya Victoria Falls chini ya jina la Lofoi, wakidhani mtu wa Lubumbashi hajavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia. Kuna udanganyifu wa hali ya juu zaidi, ambao hata wenye biashara waaminifu huuona kuwa si kitu: kutumia picha halali ya Lofoi iliyopigwa Aprili kuuza safari ya Oktoba. Mgeni aliyelipa, akasafiri kwenye vumbi na kukuta uzi wa maji, atasema ukweli wake mahali ambapo wote watausoma, na hakuna tangazo la dola 200 litakaloufunika.

Ninawaonya pia wenye hoteli ndogo, wenye boti na waongoza wageni wote: kabla ya kumlipa yeyote, hakikisheni ukurasa umefunguliwa kwa jina lenu, kwa nambari ya simu iliyo mkononi mwenu, na kwamba malipo ya matangazo yanapita kwenye akaunti ya matangazo mnayoweza kuifungua na kuikagua. Mtaalamu hupewa ruhusa ya kufanya kazi ndani ya ukurasa, na ruhusa hiyo huondolewa siku mkataba unapokwisha. Hapewi nenosiri la mwenye mali. Kijana wako akikataa sharti hilo, Mama, usimpe hata dola 200 za mwezi wa kwanza.