Kamera ya kwanza ya kurekodia miruko ya parachuti

Ndugu, umeeleza kwamba umefikisha miruko 210 na unasita kati ya GoPro ndogo na kamera kubwa yenye lenzi ya kubadilisha. Anza na ile ndogo. Miongozo ya USPA, chama cha warukaji wa Marekani, inapendekeza miruko isiyopungua 200 kabla ya kubeba kamera yoyote, nawe umevuka kiwango hicho. Lakini kamera kubwa huongeza uzito kichwani, na shingo huusikia uzito huo hasa parachuti inapofunguka kwa kishindo.

Kwa ubora wa picha, 4K (kiwango cha video chenye picha kali sana) yenye fremu 60 kwa sekunde inatosha kabisa. Angalia zaidi uwezo wa kutuliza picha, kwa kuwa upepo wa kilomita 200 hivi kwa saa hutikisa kichwa.

Hata hivyo, ningekushauri utumie muda mwingi zaidi kuchagua kishikizo cha kuifungia kamera kwenye helmeti kuliko kamera yenyewe. Kishikizo kinachochomoza juu ya helmeti kinaweza kunasa kamba ya parachuti, kwa hiyo tafuta kilicho kifupi na kisicho na mwanya, pamoja na helmeti ambayo mkanda wake wa kidevuni hufunguka kwa mkono mmoja endapo utalazimika kuivua angani. Ukiwa bado chini, pitisha uzi mwembamba kukizunguka kishikizo chote: popote uzi utakaponasa, kamba nayo inaweza kunasa, na hapo pazibwe kwa utepe wa gundi.

Betri ijazwe kabla ya kupanda ndege, maana baridi ya mita 4,000 huipunguza nguvu.