Maswali yenu: sindano za kujaza midomo na makalio

Nilijazwa midomo sebuleni kwa mtu. Wiki sita baadaye kimetokea kinundu kigumu kisichouma sana. Ni dawa tu imekaa vibaya?

Huenda, ila hizo wiki sita zinanitia shaka. Bakteria wa kawaida wa ngozi hawana subira: siku chache tu, unaona uvimbe, joto na usaha. Wapo wengine, ndugu wa vimelea vya kifua kikuu, kama Mycobacterium abscessus, wanaoishi hata kwenye maji ya bomba. Vifaa vikisuuzwa kwa maji hayo, au barafu ikipakwa mdomoni kabla ya kudungwa, wanaingia kimyakimya na kujitokeza wiki au miezi baadaye. Antibiotiki za kununua dukani haziwawezi. Tiba huwa ya dawa kadhaa, kwa miezi. Usikikamue. Mwambie daktari waziwazi kwamba ulidungwa, ili sampuli ipimwe bakteria hao hasa, maana kipimo cha kawaida huweza kuwakosa. Wengi husema "kimeota tu", na tiba inachelewa kwa sababu ya aibu.

Alifungua sindano mpya mbele yangu. Si inatosha?

Na kichupa cha dawa je? Kama kilishachovywa sindano iliyotumika kwa mwingine, umeshiriki damu yake: VVU, homa ya ini B na C. Mwaka 2018 spa moja isiyo na leseni huko Albuquerque, Marekani, ilifungwa baada ya mteja kukutwa na VVU. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na lebo ndani ya jokofu la jikoni, pamoja na chakula. (Pale wateja walidungwa damu yao wenyewe usoni, si fila, yaani dawa ya kujaza, lakini uchafu ni uleule.) Kama hazijapita saa 72 tangu udungwe, nenda leo ukaulizie PEP, dawa za kuzuia VVU.

Fila inaweza kuyeyushwa?

Ya asidi ya hailuroniki, ndiyo, kwa sindano ya hailuronidasi, ila palipo na maambukizi antibiotiki hutangulia. Silikoni ya maji haiyeyuki. Hukatwa, na mara nyingi haitoki yote.

Dalili zipi nisisubiri asubuhi?

Homa yenye kutetemeka, uvimbe unaotambaa, ngozi kugeuka nyeupe au zambarau, maumivu yanayozidi, macho kuona ukungu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo pima joto lake kwa mgongo wa kiganja, ukilinganisha na upande wa pili.