Kibao kinasema 1798, jiwe la ukutani linasema 1911, niandike mwaka gani?

SWALI: Mimi mtu wa Goma, sasa naishi Kentucky. Wazee wa kanisa la Baptist la huku shamba wameniomba niwasaidie kuandika historia ya kanisa lao. Kibao cha nje kinasema 1798, jiwe la ukutani linasema 1911. Ipi ni sahihi? Halafu kwenye kitabu cha karani wengine "walipokelewa kwa barua", wengine "kwa ushuhuda", barua gani hiyo?

JIBU: Ndugu yangu, zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Kwa Wabaptisti wa enzi zile kanisa lilianza siku watu walipoweka agano na kutia sahihi, jengo lilikuja baadaye sana. Angalia kanisa la Severns Valley hapo hapo Kentucky, lilianza tarehe 18 Juni 1781 chini ya mti, watu 18 tu na watatu kati yao walikuwa watumwa weusi, mji wa Elizabethtown wenyewe bado haupo, Kentucky bado ni sehemu ya Virginia. Mchungaji wao wa kwanza, John Gerrard, mwaka uliofuata alitekwa na Wahindi Wekundu na hakuonekana tena. Lakini kanisa halikufa, maana kanisa lilikuwa wale watu. Kwa hiyo tafuta ukurasa wa agano, mara nyingi uko mwanzo kabisa wa kitabu, mwaka ulioandikwa pale ndo mwaka wa kuanzishwa, na 1911 iandike kama mwaka wa jengo.

Sasa barua. Mtu akihama, kanisa lake la zamani lilimwandikia kwamba ni mshirika mwema, hana kesi, naye akaipeleka kule anakohamia. Asiye na barua alisimama mbele ya washirika akaeleza jinsi Mungu alivyomwokoa, wakikubali anabatizwa mtoni, hiyo ndo "kwa ushuhuda". Kwenye kitabu cha kanisa la Little Pigeon Creek kule Indiana utaona Juni 1823 Thomas Lincoln, baba yake Abraham Lincoln, amepokelewa kwa barua na mkewe kwa ushuhuda. Mistari miwili tu, ila tayari unajua mume alishakuwa mshirika sehemu nyingine kabla hajafika pale! Ndo maana nakuomba usiziruke hizo barua, ni ramani ya familia zilitoka wapi, nami nimeona watu wakikimbilia majina ya wachungaji wakaziacha.

Utakuta pia kesi nyingi, ulevi, kupigana, kucheza dansi, deni, kwa sababu mkutano wa Jumamosi wa kila mwezi ulikuwa kama baraza. Aliyetengwa leo unaweza kumkuta amerudishwa miezi michache mbele akiwa ametubu, so usiandike kutengwa kwake ukaishia hapo, endelea kusoma. Watumwa wameandikwa jina moja tu na jina la bwana wao. Hao waandike wote tafadhali, wote, maana kwa wajukuu wao wengi huo mstari ndo karatasi pekee yenye jina la babu yao.

Na ukikuta miaka haina kitu usidhani tu kurasa zimepotea. Kule Cades Cove, Tennessee, Wabaptisti walisimamisha mikutano wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, afu vita ilipoisha wakaandika sababu kitabuni, kwamba wao walikuwa upande wa Muungano, yaani serikali ya Kaskazini, na waasi wa Kusini walikuwa na nguvu kuwazidi. Kanisa hilo hilo lilikuwa limeshagawanyika 1839 kwa ajili ya mambo ya misheni, kwa hiyo idadi ya washirika ikishuka ghafla angalia kwanza kama kuna kundi lilitoka.

Kama kitabu kina mapengo kweli, nenda kwenye kumbukumbu za umoja wa makanisa wa eneo lenu. Severns Valley lilikuwa kwenye umoja wa Salem toka 1785, na hizo jumuiya zilichapisha kila mwaka majina ya makanisa, wajumbe na idadi ya washirika. Maktaba ya seminari ya Wabaptisti ya Louisville na ile hifadhi ya nyaraka za Wabaptisti ya Nashville wanazo nyingi, piga simu kabla hujaenda. Na hicho kitabu usikifanyie fotokopi, kinavunjika mgongo, piga picha kwa simu karibu na dirisha, ukurasa kwa ukurasa, hata zile tupu.